Makadirio ya zege la nguzo 40: huduma ya duka la vifaa vya ujenzi

Kabla ya kusimamisha nguzo za uzio wa shamba letu nje ya Morogoro, niliomba makadirio katika duka la vifaa vya ujenzi ambalo huyatoa bure kwa wanunuzi wa saruji. Muuzaji hakukisia idadi ya mifuko, kama nilivyofanyiwa kwingine; aliuliza kwanza kipenyo cha shimo (sm 30), kina (sm 60) na unene wa nguzo (sm 10 kwa 10), akapata ujazo wa shimo, kisha akatoa sehemu inayokaliwa na nguzo yenyewe, hatua ambayo wengi huisahau. Kila shimo lilihitaji takriban mita za ujazo 0.036, yaani 1.46 kwa nguzo zote 40. Aliongeza asilimia 10 ya upotevu, na kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) akanishauri ninunue mifuko 10 ya kilo 50.

Hesabu hiyo ilitosha, nami naishukuru kwa dhati. Hata hivyo, hakuuliza aina ya udongo, na hilo ni pengo kubwa: upande wa bondeni kuna udongo wa kichanga, na mashimo manane yalibomoka kingo hadi kufikia sm 35, upana unaodai zege zaidi kwa takriban asilimia 40 kwa kila shimo. Ile ziada ya upotevu ndiyo iliyotuokoa. Lau mashimo yote yangebomoka, kazi ingesimama katikati. Mteja mwenye udongo wa kichanga achimbe kwanza, apime mashimo yenyewe, ndipo apeleke vipimo dukani.