ISO 21502 katika miradi mikubwa ya ujenzi: mwongozo mzuri usiojitosheleza

Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa ISO 21502, mwongozo wa usimamizi wa miradi uliochukua nafasi ya ISO 21500 ya mwaka 2012. Ule wa zamani uliigawa kazi katika michakato 39. Huu unaeleza kwa mtiririko mambo yanayopaswa kufanyika tangu mradi ungali wazo hadi baada ya makabidhiano, pamoja na wajibu wa kila ngazi. Kwa mtu wa ujenzi, mpangilio huu mpya unasomeka na kutumika kwa urahisi zaidi.

Thamani yake kubwa iko kwenye shughuli za kabla ya mradi, ambazo wateja wengi huzipita mbiombio ili mitambo ionekane kazini. Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959 ilhali namna ya kulijenga paa lake ilikuwa haijapatikana. Makadirio ya awali yalikuwa dola milioni 7 za Australia, na lilipofunguliwa mwaka 1973 gharama ilikuwa imefikia milioni 102. Mwongozo unataka sababu za kuanzisha mradi ziandikwe, zipimwe, na zipimwe tena kila hatua kabla fedha zaidi hazijatolewa. Laiti sharti hilo peke yake lingeheshimiwa, mizozo mingi ya gharama isingezaliwa.

Sehemu ya udhibiti wa mabadiliko nayo ni imara. Kila ombi liandikwe, athari zake kwa muda, gharama na ubora zitathminiwe, na mwenye mamlaka aidhinishe kabla fundi hajagusa kitu. Uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg, uliotarajiwa kufunguliwa mwaka 2011, ulifunguliwa Oktoba 2020, na miongoni mwa sababu zilikuwa mabadiliko ya jengo wakati ujenzi ukiendelea na kasoro za mfumo wa kudhibiti moto na moshi. Agizo la mdomo la kusogeza ukuta huonekana dogo, lakini mabomba, nyaya na njia za hewa zote huufuata ukuta huo.

Kuhusu mawasiliano, wadau na utoaji wa taarifa, maelezo yanatosha.

Upungufu unatokana na kuandikwa kwa ajili ya miradi ya kila aina. Usalama wa wafanyakazi haukupewa sehemu yake, jambo ambalo kwa kazi za ujenzi ni pengo kubwa. Vilevile mwongozo hauwezi kujua mkataba wako unasema nini. Chini ya masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC (Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri) ya mwaka 1999, mkandarasi asiyetoa notisi ya madai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio husika hupoteza haki ya kulipwa au kuongezewa muda. Utaratibu wa ndani ulionakiliwa kutoka kwenye mwongozo bila kuoanishwa na tarehe hizo unaweza kumponza mkandarasi mwadilifu kabisa.

Ikumbukwe pia kwamba hati hii inatoa mapendekezo na haikukusudiwa kutolea vyeti, kwa hiyo mzabuni anayejinadi kwamba kampuni yake imethibitishwa kwa ISO 21502 aulizwe maswali zaidi.

Ninaipendekeza kwa mteja na mhandisi mshauri, waisome kabla ya kutangaza zabuni, mkataba ukiwa wazi kando yake.