DT830 au kidude cha Bluetooth: kipi kinakamata gia otomatiki ya Prado ya zamani inayozingua?

Prado za mfululizo wa 90, zile za 1996 hadi 2002 zenye giaboksi otomatiki ya A343F, zimefika umri wa kuanza kusumbua gia. Kinachotesa si gia kufa moja kwa moja. Ni ule ugonjwa wa kuja na kuondoka: asubuhi gari inatoka Mikindani, Mtwara, haina neno, ikishapata joto kwenye mchanga wa Msimbati gia ya pili inagoma au taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, yaani gia ya nne) inaanza kukonyeza. Ukiifikisha gereji, imetulia kama haikufanya kitu. Fundi asiyepima atakwambia ununue giaboksi nzima ya mtumba kutoka Dar. Huko ni zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga tuliona mzigo unavyoweza kukwama. Kusini huku spea haiagizwi kwa kubahatisha.

Watu wengi wanakimbilia vifaa viwili vya bei ndogo: kidude cha Bluetooth cha ELM327, kinachochomekwa kwenye gari ili simu isome makosa, na multimita ya njano ya DT830, ya kupimia volti na ukinzani.

ELM327 kwenye gari hizi ni hela ya kutupa, ingawa chenyewe si kibovu. Tatizo ni lugha. Magari ya Japani ya miaka hiyo hayakulazimika kufuata OBD2, mfumo wa Marekani wa gari kutoa taarifa za makosa yake, ndiyo maana mengi yana kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti. Hata Prado yenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, kidude kikikubali kuongea kitakupa mzunguko wa injini na joto la maji, halafu kuhusu giaboksi kinyamaze. Hatari iko kwenye programu ya simu inayoandika kwamba hakuna kosa, mwenye gari akaamini amepimiwa kwa mashine. Kiweke kwa ajili ya gari za karibuni.

Kipande cha waya cha sentimita 15 kinafanya zaidi, tena bure. Zima swichi, fungua kisanduku cha DIAGNOSTIC, soma ramani iliyo ndani ya kifuniko, kisha unganisha TE1 na E1. Angalia usikosee tundu: +B imo humo humo, ukiikutanisha na E1 utaunguza fyuzi au waya wenyewe. Hakikisha O/D haijazimwa kwa kitufe cha kwenye gia, maana ikiwa imezimwa taa itawaka bila kukonyeza. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ikikonyeza mfululizo mara 2 kwa sekunde, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu: nne, pumziko, mbili ni 42. Namba 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 ni solenoidi S1 (valvu ya umeme inayobadilisha gia), 63 ni S2, na 64 ni solenoidi ya kufunga konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Namba 62 haisemi solenoidi imekufa. Inasema njia ya umeme ya S1 ilikatika au iligusana mahali, na mahali penyewe panaweza kuwa soketi iliyoota kutu ya kijani kwa upepo wa chumvi, au waya uliokauka karibu na bomba la moshi. Gari linalolazwa kando ya ghala la korosho, kagua na meno ya panya.

DT830 ndiyo inayojibu. Weka kwenye omu 200 (upande wa kupima ukinzani), gusanisha ncha zake mbili, na kile kinachosomeka (mara nyingi karibu na nusu omu hadi moja) kitoe kwenye kila kipimo. Chomoa soketi ya giaboksi, pima kati ya pini ya kila solenoidi na bodi ya giaboksi. Inatakiwa omu 11 hadi 15, lakini hiyo ni kwa nyuzi joto 20. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Solenoidi ya omu 13 itasoma 16 hivi giaboksi ikiwa kwenye nyuzi 80. Kuna solenoidi nzima zinatupwa kwa sababu tu zilipimwa gari likiwa la moto.

Kipimo cha gari lililosimama hakitoshi kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka. Rudisha soketi, nenda kwenye ncha ya waya upande wa kontroli boksi (kompyuta inayoamrisha gia), pima tena kutoka huko huku mwenzako akiutikisa na kuukunja waya kidogo kidogo, kuanzia giaboksini kwenda juu. Kioo kikiruka kutoka 13 hadi ile "1" ya kushoto inayoonyesha njia imekatika, acha kutikisa. Umepapata.

Halafu pima athi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), maana hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa juu, weka mita kwenye milivolti 2000, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha giaboksi. Ikizidi 0.2 ya volti (mita itaandika 200), fungua waya wa athi, ukwangue, uubane upya kabla hujagusa kitu kingine.

Kasoro za DT830 zipo, na si ndogo. Nyaya zake zinakatikia ndani, pale zinapoingia kwenye plagi, kwa hiyo mita yenyewe inaleta ugonjwa ule ule unaoutafuta. Zitikise kwanza zenyewe. Betri yake ya volti 9 ikichoka usiamini namba yoyote. Tundu la ampea 10 halina fyuzi: ukisahau waya mwekundu humo na kugusa betri ya gari, nyaya zinayeyuka mkononi. Nunua yenye buza, inayolia njia ya umeme ikiwa nzima, kama unaipata. Na umeme wa TANESCO usiupime kwa mita hii, hata kama imeandikwa volti elfu.

Ina udhaifu mmoja zaidi: kioo chake ni kizito kubadilisha namba. Umeme ukikatika kufumba na kufumbua barabarani hutauona. Dawa yake ni taa mbili ndogo za LED, kila moja na rezista ya kilo-omu 1, moja kwenye waya wa S1 na nyingine kwenye S2, karibu na giaboksi iwezekanavyo, athi kwenye bodi, kisha zipandishe hadi dashibodi. Usitumie balbu ya breki ya wati 21, itaitesa kontroli boksi. Gia ya kwanza inawasha S1 peke yake. Ya pili zote mbili. Ya tatu S2 peke yake. Ya nne zote zimezimika. Sasa ipeleke gari kwenye kilima cha kupanda Newala kutoka upande wa Masasi. Taa zote zikiwaka na gia ya pili haishiki, umeme umefika giaboksini. Tafuta solenoidi iliyoganda au valvu yenye uchafu. Taa ikizimika gia ilipochomoka, kosa liko juu: waya, soketi au kontroli boksi.

Kuna na kipimo kisichotaka kifaa. Chomoa soketi ya solenoidi, endesha taratibu: kwenye D itashika ya nne, kwenye 2 itashika ya tatu, kwenye L ya kwanza. Zikishika imara na kwa joto, giaboksi ndani iko hai na mwenye lawama ni umeme. Ukimaliza futa namba za makosa, kwa kuwa umezitengeneza mwenyewe.

Yasiyoonekana kwa mita yamo kwenye oili ya giaboksi. Ipime ya moto, injini iko sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Rangi ya maziwa ya waridi ni maji yameingia, ama kwa kipozea oili cha ndani ya rejeta ama kwa bomba la kupumulia lililozama mtoni. Kumwaga kwa boliti ya chini kunatoa lita 2 hivi tu. Nyingine inabaki kwenye konveta. Kwenye sumaku za sinia ya oili chini ya giaboksi, unga mwembamba ni kawaida, vipande vya chuma ni bearingi, gia au plati, na vumbi la shaba lisiloshikwa na sumaku ni bushi. Kutoka N kwenda D gia ishike ndani ya sekunde 1.2, na kwenda R ndani ya 1.5. Ikichelewa zaidi ya hapo na oili inanuka kuungua, rudisha multimita kwenye droo na uanze kuulizia bei ya giaboksi.