Nilinunua kiwanja Kibaha kupitia wakili: uzoefu wangu

Hati ya kiwanja changu cha Kibaha ilitoka kwa jina langu mwaka jana, miezi kumi na moja tangu nimpigie wakili simu ya kwanza. Kila ninayemsimulia ananiuliza, "Wakili wa nini tena, si mngeandikishana tu serikali ya mtaa?" Nami niliwahi kuamini kwamba wakili ni wa kugonga muhuri tu, na imenigharimu.

Mwaka 2015 nilinunua kiwanja kingine, Dar es Salaam. Dalali alikuja na mkataba umeshachapwa, akatupeleka kwa wakili anayemjua yeye. Nikatoa elfu hamsini, kurasa tatu zikagongwa muhuri, tukasaini, na baada ya dakika kumi tulikuwa nje. Nilirudi nyumbani nikijua nimemaliza. Kumbe muhuri ule ulishuhudia jambo moja tu, kwamba mimi na muuzaji tulisaini mbele ya yule wakili. Kiwanja ni cha nani, hakuna aliyeuliza. Miaka miwili baadaye akajitokeza mama mmoja na karatasi za kununua eneo hilo hilo kabla yangu, na hadi leo tuko baraza la ardhi.

Safari hii nilimtafuta wakili wangu mwenyewe kabla sijatoa hata nauli ya dalali. Jina lake nililiangalia kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama wakili anaruhusiwa kufanya kazi. Dalali alinisihi tumtumie wakili mmoja wa pande zote mbili ili kupunguza gharama. Nilikataa. Nilitaka mtu ambaye nikimuuliza "nitoe hela au nisitoe?" ananijibu mimi tu.

Muuzaji, kaka wa makamo, alikuja amejiandaa: hati halisi, kitambulisho cha NIDA, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi kumi na moja. Kwa macho yangu, pale hapakubaki kitu. Wakili alichukua nakala ya hati, akaenda kufanya upekuzi ofisi ya ardhi. Majibu yakaja: hakuna rehani, hakuna zuio, ila mmiliki aliyesajiliwa ni baba yake kaka yule, ambaye ni marehemu. Na kodi ya pango la ardhi ilikuwa inadaiwa ya miaka sita.

Wakili akausogeza muhtasari pembeni. "Kaka yangu, ukoo unapendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Fomu Namba IV, ile ya uteuzi wa mahakama, iko wapi?" Haikuwepo. Akauliza tena, "Na mama yupo?" Kaka akainama kidogo, akasema yupo, anaishi Morogoro, ila mambo ya viwanja hayamhusu.

Hapo nilivunjika moyo kweli. Dalali alikuwa ananipigia kila siku, mara kuna mteja ana hela taslimu, mara wakili wako anakuzungusha. Watu wengi huamini hivyo, kwamba wakili anachelewesha. Mirathi ilichukua miezi mitano, na mahakama ya mwanzo ikamteua mama, si mwanawe.

Siku ya kusaini mama alikuja na kanga yake na miwani iliyofungwa uzi. Wakili alikuwa ameuandika mkataba kwa Kiswahili, akausoma wote kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Alipofika kwenye bei, mama akanyoosha mkono. "Rudia hapo, mwanangu." Wakili akarudia: milioni thelathini na mbili. Mama akageuka kumtazama mwanawe, hakusema neno. Yeye alikuwa ameambiwa milioni ishirini. Hela zote ziliingia kwenye akaunti ya mirathi. Ningefuata haraka ya dalali, mimi ndiye ningekuwa nimemdhulumu mama yule, na ardhi pia ningeipoteza.

Jambo jingine nililokuwa sijalielewa: nilidhani wakili akishaingia, amekagua kila kitu. Aliniambia wazi kwamba yeye anasoma karatasi, mipaka ni kazi ya mpima. Nikamlipa mpima. Alifyeka majani kwa panga, akachimbua pole pole, bikoni tatu, yaani alama za mipaka, zikaonekana na namba zake zikisomeka. Ya nne ilikuwa ndani ya ukuta wa jirani. Tulilimaliza na jirani kwa maandishi kabla ya malipo ya mwisho.

Kuhusu gharama, wakili nilimlipa laki nane, kwa awamu mbili. Dalali alidai asilimia 10 kwa muuzaji na hakuna aliyeshtuka, lakini laki nane za wakili ndugu zangu wote wamezijadili.

Lawama ninazo. Hakunipa mapema orodha ya malipo ya serikali, nikawa nashtukizwa: leo mthamini, kesho ushuru wa stempu ambao ni takriban asilimia 1, kisha ada za usajili. Na usajili wenyewe ulikuwa mara mbili, kwanza mama kama msimamizi, ndipo mimi. Jambo hilo lilipaswa kuelezwa siku ya kwanza. Simu pia alikuwa hapokei wiki nzima akiwa mahakamani. Mkitafuta wakili, ombeni orodha hiyo kwa maandishi, na muulize nani ofisini atapokea simu.

Sasa dada yangu anauza nyumba yake Tanga, na anaamini muuzaji hana haja ya wakili kwa kuwa yeye ndiye anayepokea hela. Nikamuuliza: hati utaiachia kabla ya malipo ya mwisho au baada? Kodi ya TRA ya asilimia 10 ya faida umeitoa kwenye hesabu yako? Na shemeji ameshasaini ridhaa? Nyumba ile ni ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu dada kuiuza peke yake. La tatu hakuwa amelifikiria kabisa. Shemeji yuko Mwanza kikazi, anarudi mwezi ujao, na mnunuzi ameambiwa asubiri.