Upasuaji wa kiuno wa mama: nyota 4, moja nimeibania

Naandika hii mapema kabla sijasahau, maana nilipokuwa natafuta maoni ya watu kuhusu operesheni ya njia ya neva kubana kiunoni nilikutana na pande mbili tu, "namshukuru Mungu nimepona" na "usithubutu utapooza", katikati hamna kitu.

Mama ana miaka 71. Akitembea kidogo tu miguu inawaka moto inakufa ganzi, anakaa au anainama mbele dakika mbili tatu, inaachia, anaendelea. Ila mpe toroli asukume, anatembea fresh, mpaka tukawa tunamtania kwamba anadeka. Kumbe ndo dalili yenyewe, ukiinama mbele ile njia ya neva inapanuka kidogo, ukinyooka inabana.

Tulipoanzia (pataje sipataji) daktari aliangalia MRI fasta akasema tunafungua pingili tatu tunaweka skrubu. Nikauliza skrubu za nini, akajibu "ndo utaratibu". Tukaaga.

Hospitali ya pili ndo ninayoipa nyota. Kitu cha kwanza walichofanya ni eksirei ya kusimama, kuanzia shingoni mpaka kwenye mifupa ya paja, kwa ubavu na kwa mbele. Nikamwambia daktari mbona MRI tunayo, akasema "MRI inampiga mama akiwa amelala, mgongo umestarehe, akisimama ni mtu mwingine huyo." Na kweli. Mtaalamu wa eksirei akamwambia asishike kitu, akunje mikono ngumi ziguse mifupa ya juu ya kifua, "simama kama unavyosimama nyumbani mama, usijikaze." Mama si akajikaza bwana, kidevu juu kama yuko gwaride, wakamngoja. Baada ya dakika hivi mabega yakashuka, kiwiliwili kikaenda mbele, na magoti yakakunja kidogo bila yeye kujua. Mi niko nje ya kioo naangalia, nikasema kha, huyu mtu anasimama hivi siku zote na sijawahi kuona.

Baadaye daktari akatugeuzia skrini. Akashusha mstari kutoka pingili ya chini ya shingo, kawaida uangukie karibu na nyuma ya juu ya ule mfupa mpana ulio chini ya pingili za kiuno, ukienda mbele zaidi ya sentimita 5 mtu kaelemea mbele. Halafu akapima pembe ya nyonga, hiyo kwa mtu mzima haibadiliki, na tao la kiuno (ule mpindo wa kuingia ndani) linatakiwa liendane nayo, tofauti isizidi kama digrii 10. Mama nyonga 55, tao 38. Yaani kiuno kimenyooka kuliko mwili wake unavyotaka, kwa hiyo misuli ya mgongo inafanya kazi kutwa nzima kumshikilia.

Hapa ndo nilimkubali, maana hakutuuzia ndoto. Alisema ukipunguza mfupa na ile ligamenti (utepe unaoshikanisha pingili) iliyonenepa, miguu ina nafasi nzuri ya kupona hata kama umbo si zuri, ila maumivu ya mgongo ndo yanategemea umbo, watu wenye tao dogo wanabaki nayo zaidi. Halafu kuna wanaoinama kwa sababu tu wanakwepa maumivu, hao neva zikipumua wananyooka wenyewe, na kabla ya kufungua huwezi kujua mama ni nani kwa uhakika. Skrubu hakutaka kwa sababu pingili hazijateleza, akataja utafiti wa Sweden wa 2016, wagonjwa 247, ambao kuunganisha pingili (ndo kazi ya skrubu) hakukuwapa nafuu zaidi ya kupanua njia peke yake. Kama umbo lingekuwa limeharibika sana hapo mjadala ungekuwa mwingine, na operesheni kubwa mno kwa umri wake.

Operesheni yenyewe sina cha kusimulia, pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno, kesho yake akasimama. Miezi mitatu sasa anatembea bila kukaa kaa, ganzi imeisha. Mgongo jioni bado unamchosha, kama tulivyoambiwa, na kuinama kumepungua ila hakujaisha.

Sasa nyota niliyoibania. Karatasi ya mazoezi ilikuwa fotokopi ya fotokopi, picha hazionekani, fizio tukaambiwa tutafute wenyewe. Na kubwa zaidi, eksirei ya kusimama ya baada ya operesheni hakuna aliyeikumbuka mpaka nilipouliza mimi, wakati wao ndo walionifundisha kwamba bila hiyo hujui umbo limebadilika au la. Ilipopigwa tao limefika 44, kwa hiyo sehemu ya kule kuinama ilikuwa kukwepa maumivu. Wakiiweka kwenye ratiba ya kila mgonjwa narudi hapa naongeza nyota.