Usiku wa ghani na taarab Ngamiani: besi tumeisikia, maneno je?

Jumamosi nilienda na shangazi kwenye usiku wa ghani, yani mashairi ya kusomwa kwa mahadhi, na taarab, ukumbi mmoja wa Ngamiani hapa Tanga, jina silitaji maana wenyewe ni watu wa mtaani kwetu na sitaki maneno. Kiingilio elfu 10, unakaa popote, soda unajinunulia. Pilau ilikuwa ya moto na kachumbari ya kutosha, basi, mie sikwenda kula, nilikwenda kusikiliza watu wanasema nini na wanaimba nini, na ndo nitakayoyapima hapa.

Kupima kwenyewe kanifunza shangazi. Ye anasema usimtazame mwimbaji, tazama watu wananyanyuka saa ngapi kwenda kutunza. Kwenye taarab mtu hatoi hela kwa uzuri wa sauti tu, anatoa pale mstari umemgusa, au umemgusa mbaya wake aliyekaa meza ya tatu, basi atapita mbele yake makusudi noti mkononi, taratibu, na ukumbi mzima unajua neno limefika na limefika kwa nani. Wakinyanyuka mstari ukiisha, ujue wamesikia. Wakinyanyuka kinanda kikichanganya, hao wamekuja kucheza.

Tuanze na emsii. Kijana mchangamfu, suti imemkaa, ila maiki yake ilijazwa eko mpaka kila neno linarudi mara tatu, na mwenyewe anaongea kama konda wa daladala. Katikati akatangaza kuna gari limeziba njia, "gari nyeupeee-peee-peee namba T-tii-tii", akarudia mara nne, na mwenye gari alikuwa meza mbili kutoka tulipokaa, anakula pilau yake kwa raha zake. Ilibidi mlinzi apite meza kwa meza kuuliza. Sasa kama tangazo la gari halijafika, hayo mawaidha kwa maharusi watarajiwa aliyotupa robo saa nzima yalifika wapi? Mie nimebaki na neno "uvumilivu" tu.

Alafu akapanda mzee wa kughani. Kanzu, kofia, karatasi imekunjwa mara nne ambayo wala hakuifungua. Kitu cha kwanza alimwambia fundi mitambo "baba, niondolee hayo mapango", yani eko, akasimama kimya mpaka ikatolewa. Utenzi wenyewe ulikuwa wa kijana anayeuza kiwanja cha urithi ili anunue pikipiki. Mizani, yani silabi, nane kila kipande, hakukimbiza hata kimoja, na kila akifika mstari wa mwisho wa ubeti badala ya kupandisha sauti anaishusha, mpaka watu wa nyuma tunainama mbele ili tusipitwe. Alipofika pale mama anamuuliza mwanawe "nizikwe wapi?", wahudumu walikuwa wamesimama na trei mikononi. Mama mmoja wa makamo akanyanyuka akamtunza elfu 5, kwenye utenzi! Shangazi akaniambia huyo ana lake. Kasoro ya mzee ni urefu, nilihesabu beti mpaka 30 nikaacha, na kuanzia kwenye nasaha kwa vijana alikuwa anarudia tu, kiwanja kilishauzwa na siye tulishaumia, angeshuka.

Ndo ikaja bendi sasa, ambayo wengi tuliifuata hiyo. Mwimbaji ana sauti, hilo simnyimi, na gauni lake nimelipenda. Lakini spika ya kushoto ilikuwa inapiga besi mpaka chupa za soda zinatembea mezani, na maneno ukiyapata unayapata vipande. Wapo watakaosema vyombo vya umeme ndo vimeua taarab, na hilo Mtanga ndo wa mwisho kulisema, maana Black Star na Lucky Star, bendi za taarab za hapa hapa mjini, zilikuwa na gita la umeme na besi tangu miaka ya 60 na 70, na marehemu Bi Shakila aliyeimba na Black Star, mpaka leo ukisikiliza huhitaji kuuliza kasema nini. Kwahiyo tusilaumu besi, tumlaumu aliyeshika kifundo cha sauti pale kwenye mitambo.

Nilikuwa naandika kichwani hivyo hivyo, kwamba kosa lote la fundi mitambo, mara umeme ukakatika. Jenereta ikagoma kama dakika 5. Dumbaki, ile ngoma ya kupigwa kwa mikono, ikaendelea, mwimbaji naye kwa ujasiri wake akaendelea bila maiki, ukumbi kimya, na hapo ndo tukasikia vizuri. Mstari ni huu:

Simtaki mwenye mali, namtaka mwenye haya.

Mizani nane kwa nane, pumzi inakatwa katikati pale kwenye kina, baada ya "mali", hata mtoto wa madrasa anajua. Ye akavuta "simtakiii" peke yake, akapumua, akaja na "mwenye mali namtaka" kwa mkupuo mmoja, alafu "mwenye haya" ikamfia mwishoni. Shangazi akanigeukia, "Kumbe anamtaka mwenye mali?" Na meza za mbele wameshapiga vigelegele, wamama watatu wamenyanyuka na noti wanaelekea kwa mwenzao mmoja ambaye nadhani kaolewa na mwenye duka, wanamzunguka, wanacheka, "mwenye mali namtakaaa". Mwimbaji kaona hela zinakuja, akarudia vile vile mara tatu. Aliyetunga shairi kama alikuwepo sijui alijificha wapi.

Nikamwambia shangazi kipimo chako leo kimetudanganya, watu wametunza na maneno yamepinduka. Akasema hakijadanganya, neno limefika, ila sio lile lililotumwa.

Fundi mitambo nampa mbili kwa kumi, emsii tatu, za uchangamfu. Mwimbaji tano, akikaa siku moja na mtunzi wake asome nae kwa sauti kabla ya kupanda jukwaani atafika nane. Mzee nampa tisa, moja nimekata kwa beti za mwisho.

Wakiandaa tena nitakwenda, mbali na ile spika ya kushoto. Shangazi keshasema ye atabeba noti za elfu mbili mbili, zote za mzee.