Presha kuka ya umeme, lita 6: maharage kwa bei chini ya andazi

Nimekaa nayo miezi minne, Tandika, chumba na sebule. Niliichukua Kariakoo kwa 120,000, na kilichonichelewesha siyo hela, ni Luku. Mita yetu moja, wapangaji watatu, na siku nahamia sharti la kwanza lilikuwa hili: hakuna jiko la umeme.

Basi siku ya kwanza nikamwita mama mwenye nyumba. "Shikamoo mama, naomba uje usome mwenyewe." Wenzangu walikuwa kazini. Tukazima kila kitu, mpaka friji yake. Rimoti ya Luku ikasoma 14.6. Nikatia maharage nusu kilo, makavu, sikuyaloweka, nikafunga mfuniko. Dakika 45, na nyingine kama 15 za kuacha mvuke utoke. Rimoti: 14.2. Umeme wa elfu kumi unatupa uniti 28, kwa hiyo pointi nne haifiki 150. Andazi hapa mtaani ni 200! Kwa mkaa nilikuwa namaliza kopo la 1,500 na kiini bado kigumu.

Mama akaonja, akanyamaza, kisha: "Mwanangu, na makongoro?"

Ruhusa nikapata, ila niongeze 3,000 kila mwezi. Nikapiga hesabu ya siku ninazopika, nikaona hajanionea.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya ruzuku inagawiwa, vizuri. Lakini mtungi haujawahi kumgombanisha mpangaji na wenzake wa mita moja. Sufuria hii inaweza, na hilo sijasikia likisemwa jukwaani.

Ugali haisongi, chapati ndiyo kabisa. Hivyo vimebaki kwa gesi, na mtungi wangu wa kilo 6 uliokuwa ukiisha wiki ya tatu sasa unakaribia miezi miwili. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Joto la ndani linaendelea kuivisha, ila ukirudi unabonyeza upya mwenyewe.

Kero ni mpira wa mfuniko. Unashika harufu ya nyama, wali wa kesho yake unanukia supu, na wangu umeshaanza kulegea. Niliporudi dukani nikaambiwa hauuzwi peke yake. Ukienda kununua, dai wa akiba kabla hujatoa hela.