Siku 19 katika wodi ya afya ya akili: maoni ya ndugu wa mgonjwa

Mdogo wangu alilazwa siku 19 katika wodi ya afya ya akili ya hospitali moja nchini Kenya, ambayo sitaitaja jina. Dawa hazikukosekana, chakula kilitosha, na daktari alipita kila asubuhi. Kwa hayo nashukuru kwa dhati.

Kasoro ilianzia mapokezi. Alikwenda kwa hiari yake na akajieleza vizuri kwamba siku nne hajapata usingizi, lakini karani alinisogezea mimi fomu na kalamu, na pale palipoandikwa "Sahihi ya mgonjwa" pakabaki wazi. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kuridhia matibabu yake na kushiriki katika kuyapanga. Mimi nilitia sahihi bila kuuliza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Usiku wa tatu alikataa sindano kwa sababu hakuna aliyemwambia ni ya nini. Wahudumu wanne walimkandamiza sakafuni, wakamdunga, kisha wakamfungia hadi alfajiri katika chumba kitupu chenye godoro lisilo na shuka. Mwongozo wa QualityRights, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 kwa ajili ya kukagua vituo vya namna hii, unataka njia mbadala zitumike badala ya kumfunga au kumtenga mgonjwa. Njia hizo si ndoto, kwani usiku uliofuata muuguzi mmoja wa makamo aliketi kando ya kitanda chake, akamuuliza ni nini kinachomtisha giza likiingia, akamsikiliza karibu nusu saa, kisha akamweleza kazi ya kila kidonge. Tangu hapo alimeza dawa mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Wodi ilikuwa ile ile na wahudumu wale wale wachache, kwa hiyo sikubali kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa watu peke yake.

Vyoo vilikuwa safi, ingawa havikuwa na milango wala hata pazia.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi yule ndiye aliyekuwa zamu. Nilinyoosha mkono kupokea karatasi kama nilivyozoea, naye akanipita kwa upole, akamsomea mdogo wangu orodha ya dawa na tarehe ya kliniki, akamwuliza kama ana swali, kisha akampa kalamu.